Gemu la Interland la Google: kwenye paswedi liko vizuri, kwenye mazungumzo limetuachia sisi

Kama una mtoto wa darasa la tatu mpaka la saba na simu yako anaijua kuliko unavyoijua wewe, hili gemu mtafutie. Linaitwa Interland, limetengenezwa na Google, ni la bure, linachezwa kwenye brauza hakuna cha kuinstoo, na lilitoka mwaka 2017 pamoja na mradi wao wa kufundisha watoto usalama wa mtandaoni unaoitwa Be Internet Awesome. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Dar na jioni nashika klabu ya kompyuta, tumelitumia na watoto muda sasa, kwa hiyo nachoandika hapa nimekiona kwa macho, uzuri wake na pale lilipopelea.

Kilichonifurahisha kwanza ni kabla hata watoto hawajagusa kibodi. Gemu haliulizi jina, haliulizi barua pepe, unafungua unacheza basi. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini jamani nenda kaangalie magemu ya watoto yalivyo huko, mtoto hajaruka hata mara moja ameshaambiwa ajiunge kwa akaunti ya mama, aruhusu kamera, aruhusu namba za kwenye simu, na mtoto anabonyeza kubali kubali kubali ili mradi afike kwenye kucheza. Gemu linalomfundisha mtoto asigawe taarifa zake halafu lenyewe lianze kumdai taarifa lingekuwa limejiharibia mapema sana. Hapa Google wamefanya inavyotakiwa na nawapongeza.

Ndani kuna nchi nne. Kind Kingdom ni ya wema, unaruka ruka ukigawa mioyo kwa wenye huzuni na ukikutana na mnyanyasaji unambloku na kumripoti. Mimi hii niliitumia kuongelea stika, maana watoto wa siku hizi wanampiga picha mwenzao amesinzia mdomo wazi, wanaigeuza stika ya WhatsApp, kesho yake imezunguka mpaka kwa dada zao wa sekondari na mwenye sura yake hataki tena kuja shule. Watoto wengi walikuwa hawajui kabisa kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja unyanyasaji wa mtandaoni kama kosa, walidhani ni utani tu ambao ukikukuta unavumilia. Mindful Mountain ni mlima wenye vioo, unaelekeza mwanga umfikie yule tu unayetaka umfikie, somo lake ni kuchagua nani aone nini, inapendeza kwa macho ila watoto wangu waliimaliza haraka na haikuacha maswali mengi. Reality River ni mto unauvuka kwa kujibu maswali, hiyo nitairudia huko chini kwa sababu ina shida yake.

Sasa Tower of Treasure, mnara wa hazina, ndo nchi ya paswedi na ndo iliyonifanya niandike. Mnara umeachwa wazi, vitu vya thamani vya wenyewe viko hatarini, na mtoto anatakiwa akimbie huku mdukuzi anamfukuza, aokote herufi na namba na alama ajenge paswedi ngumu ya kuufunga. Ukiweka hii kwenye projekta na darasa zima linaangalia ujue walimu wa darasa la pili watakuja kulalamika, maana kelele zake si za kawaida, kila mtoto anamwongoza mwenzake kushoto kushoto ruka ruka anakuja! Na katikati ya kelele zile somo linaingia kweli. Wakishacheza ukiwauliza kwa nini jina lako na mwaka wa kuzaliwa si paswedi nzuri, wanakujibu bila kukariri, kwa sababu wamemwona mdukuzi anavyowakaribia wakichukua kitu rahisi.

Kabla ya kucheza huwa nawapa zoezi la karatasi. Nawaambia kila mmoja aandike paswedi ambayo anadhani mtu fulani wa mtaani kwao angeweza kuitumia. Zingatia, siwaambii waandike ya kwao wala ya nyumbani kwao, na walimu wenzangu naomba sana hili tulishike, ukimwambia mtoto andika paswedi yako tuione kama ni nzuri umeshamfundisha kwamba mtu mzima akimuomba paswedi anatoa, umebomoa somo kabla hujaanza. Basi zinazotoka kwenye zile karatasi ni zilezile kila mara. Simba123. Yanga bingwa. Jina la mama. Namba ya simu ya baba. 123456. Mwaka wa kuzaliwa mara mbili. Tukizisoma kwa sauti wanacheka, halafu wanaanza kuangaliana, maana kila mtu ameshaona karibu wote wamewaza kitu kimoja, na kama mtoto wa miaka kumi amewaza hivyo basi na mwizi naye atawaza hivyohivyo.

Hapo ndo nawahadithia habari ya RockYou. Hii ilikuwa kampuni ya Marekani iliyotengeneza vikorokoro vya kwenye MySpace na Facebook, mwaka 2009 wakadukuliwa, paswedi kama milioni 32 zikatoka nje, na zilikuwa zimehifadhiwa wazi bila kufichwa kwa namna yoyote. Walioichambua ile orodha wakakuta iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote ni 123456. Watoto wakisikia hivyo wanashangaa kwamba hata wazungu wanaandika 123456. Na cha maana zaidi nawaeleza kwamba ile orodha mpaka leo ipo na wadukuzi wanaitumia, yani mtu hakai akabuni paswedi yako moja moja kwa kichwa chake, anaachia programu ipite kwenye orodha ya maneno ambayo watu walishawahi kuyatumia, kwa hiyo paswedi ambayo mtu mwingine popote duniani aliwahi kuiwaza na ikavuja ni dhaifu hata kama wewe umeibuni leo asubuhi.

Na hapa ndo naanza kutofautiana na gemu. Interland, na mwongozo wa mwalimu unaoenda nalo, unatilia mkazo ule mtindo wa kuchanganya, yani weka herufi kubwa, weka namba, weka alama, chukua sentensi unayoipenda uchukue herufi za mwanzo za kila neno halafu baadhi uzigeuze alama. Si vibaya, ni bora mara mia kuliko Simba123. Lakini mtoto anachoelewa kwenye hilo somo ni kwamba akiandika S1mb@123 ameshakuwa salama, na hajawa salama, kwa sababu zile programu za wadukuzi zinajua zamani kwamba watu wanageuza a kuwa @ na i kuwa 1, zinajaribu na hizo pia.

Hata wale walioanzisha hiyo kanuni wameshaiacha. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ndo iliyotoa mwongozo wa mwaka 2003 uliosambaza mambo ya alama na namba na kubadilisha paswedi kila baada ya muda, aliyeuandika anaitwa Bill Burr, na mwaka 2017 akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi aliyoyaandika mule anayajutia. Mwaka huohuo NIST wakatoa mwongozo mpya unaosema usiwalazimishe watu kuchanganya alama, usiwalazimishe kubadilisha paswedi bila sababu, waache waandike ndefu, na uikatae paswedi ambayo tayari imo kwenye orodha za zilizovuja. Uingereza nao kituo chao cha usalama wa mitandao kinawashauri wananchi waunganishe maneno matatu ya ovyo ovyo yasiyohusiana. Kwa hiyo urefu na ubahatishaji ndo vinavyobeba kazi, alama ni nyongeza. Gemu limetoka mwaka uleule wa 2017 na bado linampeleka mtoto kwenye alama. Naelewa kwa nini, kuokota alama kwenye gemu kunafurahisha kuliko kuokota maneno, ila mwalimu ukiishia hapo umewaacha watoto nusu ya njia.

Sisi tunamalizia kwa dadu. Dadu la ludo, lile lile la kawaida. Nimegawa darasa makundi sita, kila kundi likapewa jamii yake ya maneno, matunda na mboga, vitu vya jikoni, wanyama na ndege, vitu vya barabarani, vya kuvaa, na vitu vya shuleni. Kila kundi linachora jedwali la mistari sita na safu sita, linajaza maneno 36 ya Kiswahili. Makundi sita mara 36 unapata maneno 216. Kupata neno unarusha dadu mara tatu, mrusho wa kwanza unakwambia kundi, wa pili mstari, wa tatu safu. Ukitoka 2, 5, 1 unaenda kundi la pili ambalo ni jikoni, mstari wa tano, safu ya kwanza, unakuta mwiko. Basi neno la kwanza ni mwiko, hakuna kubishana. Unarudia mpaka maneno manne. Moja ya zilizotoka ilikuwa mwiko parachichi bajaji kunguru, na mtoto aliyeipata akachora palepale kunguru amekaa ndani ya bajaji anakoroga parachichi kwa mwiko, na nawahakikishia darasa zima linaikumbuka mpaka leo, kitu ambacho huwezi kusema kuhusu S1mb@123 ambayo mtoto hakumbuki kama alama ilikuwa kwenye a au kwenye i. (Hiyo ya kunguru bila shaka haitumiki popote, ilikuwa ya ubaoni, na hapa ndo nishaiandika, msiichukue.)

Kuna kanuni moja ambayo lazima uisimamie kama mwamuzi, kilichotoka kwenye dadu ndo hichohicho. Watoto watakuomba, madam naomba nirushe tena hili neno silipendi, ukikubali tu wanaanza kurusha mpaka watoke na neno wanalolipenda na ubahatishaji wote umeisha. Akichagua mwenyewe atarudi kwenye Simba. Pia kataa methali. Kuna mtoto atakwambia nimepata ndefu sana, harakaharakahainabaraka, ni ndefu ndio lakini kila anayeongea Kiswahili anaijua, na chochote kinachojulikana na watu kinaweza kuingizwa kwenye orodha. Vivyo hivyo na mistari ya dini na mashairi ya nyimbo, na hapa tena ndo sikubaliani na mwongozo wa Google unaomwambia mtoto aanzie kwenye wimbo anaoupenda.

Halafu hesabu. Hii nilimpa mwalimu wa hisabati akaifurahia kuliko mimi. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu. Maneno manne kutoka orodha yetu ya 216 ni 216 mara 216 mara 216 mara 216, unapata 2,176,782,336, yani bilioni mbili na kitu. Wanafunzi wa darasa la sita walizidisha kwa mkono ubaoni wakakesha nayo kipindi kizima na hakuna aliyelalamika. Neno la tano likiongezwa unafika bilioni 470, ambayo imeshapita herufi nane ndogo za kubahatisha, zile ni kama bilioni 209. Niwe mkweli kwa wanaojua haya mambo, kwa akaunti ya maana orodha ya maneno 216 ni ndogo, inafaa kujifunzia, ukitaka ya kweli ongeza maneno yafike sita au tumia orodha ndefu. Shirika la EFF la Marekani lilitoa mwaka 2016 orodha ya maneno 7,776 ya Kiingereza ambayo unarusha dadu mara tano kwa kila neno, na wazo lenyewe ni la zamani, tangu miaka ya tisini. Ningefurahi sana wataalamu wetu wa Kiswahili wakatutengenezea orodha kama ile, maneno mafupi yanayoandikika bila kukosea, isiwe na matusi, mtoto wa Mtwara na wa Mombasa wote wayaelewe.

Swali ambalo wazazi wananiuliza kila mara ni je mtoto aandike paswedi kwenye karatasi? Mimi nasema ndio, aandike, mama aiweke kwenye kabati pamoja na vyeti vya kliniki. Anayeiba kwa mtandao hayupo chumbani kwako. Karatasi inakuwa tatizo ikibandikwa mahali kila mtu anapita, nimewahi kuona chumba cha kompyuta cha shule moja paswedi ya mashine zote imeandikwa kwa chaki juu ya ubao na haifutwi, mahali ambapo watoto wanafundishwa usalama! Mwongozo wa Google hapa umesema vizuri, paswedi humpi rafiki hata awe rafiki wa kufa na kuzikana, lakini mzazi anaruhusiwa kuijua, na mimi nakubaliana nao kwa watoto wa umri huu.

Nirudi kwenye ule mto. Reality River inamfundisha mtoto kutambua ulaghai, lakini ulaghai wake ni wa kule kwao, mtoto mwenye barua pepe yake na akaunti yake anayeletewa ujumbe wa zawadi. Mtoto wangu wa klabu hana barua pepe. Chini ya miaka 13 hata Google wenyewe kwa kawaida hawamruhusu kujifungulia akaunti peke yake. Anachotumia ni simu ya mama, na kwenye simu ya mama ndo kuna kila kitu, WhatsApp ya mama, pesa ya mama, vikoba vya mama. Kwa hiyo mdukuzi wa kwetu hakimbizi mtu mnarani, anapiga simu saa kumi jioni wakati mama yupo jikoni na mtoto ndo ameishika simu anaangalia katuni. Anasema mwanangu hujambo, mama yupo? Haya kuna namba imeingia kwenye meseji hapo, sita hivi, hebu nisomee ni ya mzigo wa mama. Mtoto mwenye adabu anasoma. Anasoma kwa sababu tumemlea amtii mtu mzima, na ile namba sita ni ya kuhamishia WhatsApp ya mama kwenye simu nyingine, dakika kumi baadaye ndugu wote wanaombwa hela kwa jina la mama.

Hili gemu halina kabisa. Na ndo kitu cha kwanza ambacho mtoto wa Kitanzania anakihitaji kuliko hata paswedi, kwamba namba inayoingia kwenye meseji ni siri kama ufunguo wa nyumba na hasomewi mtu, awe amejiita afande, awe amejiita mtu wa benki, awe amejiita mjomba. Tulifanya maigizo, mtoto mmoja anapiga simu mwingine anapokea, na nikawafundisha jibu moja tu la heshima la kutumia kila mara, "Shikamoo, subiri nimuite mama." Hakuna ukosefu wa adabu hapo na hakuna namba iliyosomwa. Wazazi nao niliwaomba waende kwenye mipangilio ya WhatsApp wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba sita ya kujiwekea mwenyewe, ambayo hata mtoto akiteleza akasoma ile ya meseji bado mwizi anakwama.

Na ile meseji maarufu ya "ile hela tuma kwenye namba hii" nayo tuliipitia. Nzuri kufundishia kwa sababu kila mtoto ameshaiona, hata wa darasa la tatu. Tukaichambua kwenye ubao, haina jina la mtu, haisemi hela gani, inasema namba hii na siyo ile uliyoizoea, inategemea tu kwamba kati ya watu elfu waliotumiwa kuna mmoja ambaye kweli alikuwa anajiandaa kumtumia mtu hela muda ule. Watoto wakishaelewa huo mtego hawahitaji kukariri dalili, wanajiuliza wenyewe huyu kwa nini hajataja jina. Wakaondoka na kazi ya nyumbani ya kumwonyesha mzazi jinsi ya kuripoti namba ya tapeli kwenda 15040, na kupiga *106# kuangalia laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukitaka kujua kama somo limefika subiri mtoto arudi kusema baba amekuta laini asiyoijua.

Sasa kitu ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko vyote. Mradi wa Be Internet Awesome una nguzo tano. Sambaza kwa uangalifu, usidanganyike na feki, linda siri zako, kuwa mwema, na ya tano ukiwa na wasiwasi ongea. Gemu lina nchi nne. Hesabu mwenyewe. Nguzo ya tano, ya kumwendea mtu mzima ukiona kitu kinakutia wasiwasi, haikupewa nchi yake, imebaki kwenye karatasi za mwongozo. Na kwa tuliyoyaona sisi darasani ndo nguzo inayookoa watoto.

Mtoto mmoja wa kike baada ya kipindi alibaki nyuma, wenzake wakiwa wanafunga mabegi, akaniambia madam kuna mtu kwenye gemu anachati na mimi ananiita mdogo wangu, anasema atanipa pointi nyingi ila nisimwambie mama. Hakusema zaidi ya hapo na haikuhitajika zaidi. Lile neno la nisimwambie mama ndo dalili yenyewe, tulikuwa tumelizungumza siku hiyohiyo. Tulimuita mama, tukapiga picha za skrini kabla ya kumbloku yule mtu maana ukibloku kwanza ushahidi mwingine unapotea, na mama akapewa namba 116. Hiyo ni namba ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure, Tanzania bara na Zanzibar ipo, na Kenya pia ni 116. Nimeiandika ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la klabu.

Nachotaka kusema ni kwamba yule mtoto hakusaidiwa na paswedi. Alisaidiwa na kujua kwamba akisema hatanyang'anywa simu wala hatapigwa. Wazazi wengi adhabu ya kwanza tukisikia kitu cha mtandaoni ni lete hiyo simu, na mtoto anajifunza haraka sana kwamba kusema ukweli kunamkosesha katuni, basi safari nyingine ananyamaza. Google hawawezi kutengeneza gemu la hilo, ni la kwetu. Lakini angalau wangeweka nchi ya tano mtoto akaona kwamba kumwita mtu mzima ni ushindi, kwenye magemu karibu yote ukimwita mtu akusaidie umeshindwa.

Kuna upungufu mwingine ambao siupi uzito uleule lakini mzazi aujue. Kwenye Interland wabaya ni wadukuzi, wanyanyasaji na matapeli. Kampuni zenyewe zinazokusanya taarifa za watoto hazionekani popote, na wakosoaji kadhaa wa Marekani walishaliandika hilo tangu mradi ulipotoka. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sisemi tusitumie gemu lao, nimeshasema ni zuri, ila mtoto wa darasa la saba anaweza kabisa kuelewa kwamba aliyetengeneza gemu naye anafanya biashara ya matangazo, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mwambieni.

Mambo ya matumizi. Lugha tuliyochezea ni Kiingereza, watoto wa shule za Kiswahili maswali ya Reality River yanawapita mpaka uwatafsirie, kwa hiyo kucheza mmoja mmoja haifai, weka projekta, msomee swali kwa Kiswahili, darasa lipige kura. Tower of Treasure haina maneno mengi, hiyo wanaelewa hata wa darasa la tatu. Picha zake ni nzito, kompyuta za zamani za msaada zinakwamakwama, laptopu yangu ya kawaida ililibeba bila shida. Linahitaji intaneti muda wote, mimi huwa nalifungua mapema kabla watoto hawajaingia ili bando lisiishie kwenye kusubiri. Ukimaliza nchi unapata cheti, na cheti nakwambia watoto wanakithamini, tulivichapisha rangi nyeusi na nyeupe na bado vimebandikwa kwenye kuta za sebule Mbagala huko.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama kungekuwa na Kiswahili na ile nchi ya kuongea.

Kwa shule isiyo na kompyuta hata moja, mwongozo wa mwalimu unapakuliwa bure kama PDF, umepangwa kwa darasa la pili mpaka la sita la Marekani na shughuli nyingi hazihitaji mashine. Usichapishe wote ni mrefu, chapisha sehemu ya Secure Your Secrets na ile ya When in Doubt, Talk It Out, zitafsiri na mwenzako wa Kiswahili mkiwa mnakunywa chai, ruka lile la kuanzia kwenye wimbo uweke dadu badala yake. Manila sita, kalamu za rangi na dadu moja vinatosha darasa zima.